Kutoa fosfati kwenye tope la choo: mwongozo wa pipa moja kwa wanaoanza Mombasa

Maswali ni yale yale kila mwezi. Nitumie chokaa? Nianike juu ya bati? Pipa moja litanipa kilo ngapi? Nimeyajibu barazani, nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu glavu zikiwa bado mkononi. Sasa nayaandika. Chokaa hapana. Bati hapana. Na pipa moja la maji ya tope litakupa kama gramu 100 hivi za fuwele za mbolea.

Kitu tunachotoa kinaitwa struviti. Ni fuwele nyeupe zilizoshika magnesiamu, amonia na fosfati pamoja, na ukizitia shambani huyeyuka polepole na kulisha mmea. Fundi bomba yeyote wa mjini ameshakutana nazo bila kuzijua jina, kwani ule ukoko mgumu unaoziba mabomba ya mikojoleo una struviti ndani yake. Wenye mitambo mikubwa ya majitaka huuchukia ukoko huo kwa sababu huwaharibia pampu. Sisi tunautaka, ila tunataka uumbike ndani ya pipa, siku tuliyoipanga wenyewe.

Pale bandarini Kilindini meli hushusha DAP, mbolea yenye fosfati nyingi, iliyovuka bahari. Upande wa pili wa kisiwa, fosfati iliyokwisha kupita matumboni mwetu inateremka kwenye hori ya Tudor na kupotelea mikokoni. Siku nilipoyaona yote mawili kabla ya adhuhuri ndipo nilipoanza kazi hii.

Wapo wanaouliza kwa nini nisianze na kemikali nyingine. Uholanzi kuna mitambo inayotoa nyuzi za karatasi za chooni na kuziuza viwandani. Hapa pwani watu wengi hustanji kwa maji, kwa hiyo tope letu halina karatasi ya kutosha kuchuja. Amonia sulfati inawezekana, lakini inataka asidi ya salfuri na pipa lisilovuja hewa, na huo si mwanzo wa mtu yeyote. Anza na struviti.

KABLA YA KUANZA

Kwanza ruhusa. Kubeba majitaka barabarani kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na mtambo au choo cha umma unachochukulia maji lazima mwenyewe akubali. Ukiweza, fanya kazi papo hapo penye mtambo, usisafirishe chochote.

Pili, na hili nalisema kwa uchungu: usiingie ndani ya tanki au shimo la choo, hata kama ndoo imeanguka, hata kama mwenzako ameanguka. Gesi iliyomo hukuua kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele, na ile inayonuka kama yai viza ikizidi huizima pua, ukadhani harufu imeisha. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Mwenzako akianguka, ita watu na zimamoto, usimfuate.

Tatu, chanjo ya pepopunda, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A, pamoja na dawa ya minyoo mara kwa mara kama daktari atakavyokuelekeza.

Vifaa vyenyewe ni hivi:

- Mapipa mawili ya plastiki ya lita 200, kila moja likiwa na koki kama shubiri moja juu ya sakafu yake. Usitumie pipa la chuma, litaoza.
- Glavu ndefu za mpira, buti, miwani ya kukinga macho, sabuni, na maji ya kutosha kunawa.
- Kipimo cha pH, yaani cha kujua maji yameelemea asidi (chini ya 7) au yameelemea magadi (juu ya 7). Karatasi za rangi zinatosha kwa kuanzia.
- Kipimo cha fosfati cha matone, kama kile cha wafuga samaki wa mapambo.
- Haidromita ya betri, ile ya mafundi wa magari.
- Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni.
- Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki na mpira wake.
- Mwiko mrefu wa mbao, kama wa pilau ya harusini, ambao hautarudi jikoni tena.
- Kitambaa cha merikani kilichoshonwa mfuko.
- Mizani ya gramu na sirinji kubwa isiyo na sindano.
- Maji machungu. Haya yanataka maelezo yao.

MAJI MACHUNGU

Kwenye majitaka, amonia ni ya kumwaga na fosfati ipo. Kinachokosekana ni magnesiamu. Wenzetu wa bara huinunua kwenye mifuko. Sisi tuna bahari.

Maji ya bahari yana takriban gramu 1.3 za magnesiamu kwa lita. Yanafaa kwa dharura, lakini utahitaji mengi, yatalipunguza makali pipa lako, na yanakuja na kalsiamu usiyoitaka. Kitu kizuri zaidi ni yale maji mazito yanayobaki kwenye mashamba ya chumvi baada ya chumvi kuganda, kama huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Kalsiamu nyingi imeshaganda na kubaki nyuma kwenye vidimbwi vya mwanzo, chumvi ya kula imeshavunwa, na magnesiamu imebaki majini imejikusanya. Yaonje kwa ncha ya ulimi mara moja tu uyajue: ni machungu, hayafanani na chumvi ya mezani, na uchungu wake hukaa kooni. Ukiyashika yanateleza kati ya vidole kama mafuta mepesi.

Hapo ndipo haidromita ya betri inapofaa: inakuonyesha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu, ambayo ni 1.00. Chumvi ya kula huganda maji yakiwa kati ya 1.21 na 1.25. Unataka yaliyopita 1.25. Ukisoma 1.15 jua umepewa maji yaliyokuwa bado njiani kuwa chumvi. Maji ya 1.25 na zaidi yakadirie kuwa na gramu 30 za magnesiamu kwa lita. Mara nyingi huwa zaidi, lakini anza na makadirio hayo.

Ukishindwa kufika huko, nunua magnesiamu sulfati kwenye duka la agroveti. Gramu 10 zake zina karibu gramu moja ya magnesiamu.

HATUA

1. Chagua maji. Unachohitaji ni maji yanayojitenga na tope lililoozeshwa bila hewa, kama linalotoka kwenye mtambo wa bayogesi wa choo cha umma. Uozaji huo ndio unaoifungua fosfati na amonia kutoka kwenye kinyesi. Maji ya juu ya tanki la nyumbani mara nyingi ni mepesi mno kwa sababu ya maji ya kuoga na kufulia. Mkojo uliolala kwenye jerikeni lililofungwa wiki tatu au nne ni bora kuliko yote: una fosfati nyingi na pH yake imepanda yenyewe hadi karibu 9. Usichukue maji kutoka eneo lenye viwanda au gereji.

2. Yaache yatulie siku nzima kwenye pipa la kwanza, kisha fungua koki uchote lita 150 za juu zilizo safi, ukipitishia kwenye chandarua kilichokunjwa mara nne. Wanaoanza huiruka hatua hii. Nywele, mafuta na vipande vya tope vikiingia pipa la pili, vitatoka pamoja na fuwele, na utapata kitu cha rangi ya chai chenye mayai ya minyoo.

3. Pima fosfati. Vipimo vya wafuga samaki vimetengenezwa kwa maji safi, kwa hiyo chukua mililita 1 ya maji yako uichanganye na mililita 99 za maji ya betri, yale yasiyo na asidi, upime, kisha uzidishe kwa 100. Halafu gawanya kwa 3. Sababu ni kwamba kipimo kinasoma fosfati nzima, nasi tunahesabu fosforasi peke yake, ambayo ni theluthi moja ya uzito wake. Watu wengi hukosea hapa na kutia magnesiamu mara tatu ya inayotakiwa. Tuseme kipimo kimesoma 3: mara 100 ni 300, gawanya kwa 3 upate miligramu 100 za fosforasi kwa lita. Ukipata chini ya 50, rudisha maji hayo ukatafute mengine, au uyachanganye na mkojo uliolala.

4. Tia hewa. Tumbukiza mpira wa pampu hadi chini uache hewa ichemke saa mbili au tatu. Dioksidi ya kaboni itatoka na pH itapanda yenyewe, mara nyingi kutoka 7.5 hadi 8 na zaidi. Kila kidogo inachopanda hapa ni kostiki soda uliyookoa. Kwa mkojo uliolala, ruka hatua hii, kwani utafukuza amonia bure.

5. Fanya hesabu ya magnesiamu. Kanuni ya kichwani ni gramu kwa gramu: kila gramu ya fosforasi ipe gramu moja ya magnesiamu. Kitaalamu inatosha gramu 0.8, hiyo ya ziada ni ya kuhakikisha. Lita 150 zenye miligramu 100 kwa lita zina gramu 15 za fosforasi, basi unataka gramu 15 za magnesiamu, ambazo ni nusu lita ya maji machungu.

6. Jaribu kwanza kwenye chupa. Jaza chupa tatu za lita moja moja, pandisha pH ya zote hadi 9 kwa matone ya kostiki soda iliyoyeyushwa, kisha ya kwanza itie mililita 2 za maji machungu, ya pili 3, ya tatu 5. Tikisa dakika kumi, acha nusu saa, pima fosfati iliyobaki juu. Chagua kiasi kidogo kuliko vyote kilichoshusha fosfati vizuri. Maji machungu hutofautiana shamba hadi shamba, na chupa hizi ndizo zitakazokuambia ukweli wa yale uliyoletewa.

7. Tia maji machungu kwenye pipa huku ukikoroga taratibu.

8. Pandisha pH hadi kati ya 8.5 na 9. Yeyusha kostiki soda pembeni: maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, kisha soda kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya soda itaruka na kukuunguza uso. Miwani iwe machoni. Tia vijiko viwili vitatu vya maji hayo, koroga, pima, tia tena. pH itashuka baada ya dakika chache kwa sababu fuwele zikiumbika hutoa asidi. Hiyo ni dalili njema, ongeza kidogo tu irudi. Usipite 9.5. Ukianza kutokwa machozi, amonia inatoroka, umezidisha.

Na hapa ndipo kwenye chokaa. Najua chokaa ya matumbawe imejaa pwani nzima na ni rahisi. Inapandisha pH kweli, lakini inaleta kalsiamu, na kalsiamu huinyakua fosfati kabla ya magnesiamu kuifikia. Unapata uji mweupe usiotulia wala kuchujika. Pipa langu la kwanza lilikwenda hivyo. Siku mbili nzima niliukamua ule uji kwenye merikani, na kilichotoka kilikuwa kama ugali wa jana. Magadi nayo yaache, yanaleta kaboneti.

9. Koroga polepole dakika 15. Kama una struviti ya zamani, tupia konzi moja mwanzoni. Fuwele mpya hupenda kukua juu ya za zamani, na punje kubwa hutulia haraka. Ukikoroga kwa fujo utazivunja.

10. Acha zitulie saa mbili, au hadi asubuhi. Fungua koki utoe maji ya juu. Maji hayo bado yana vijidudu na amonia tele: yarudi kwenye mtambo yalikotoka, yasiende mtaroni wala baharini.

11. Mimina mashapo kwenye mfuko wa merikani uning'inize. Yakiisha kudondoka, mwagia kata moja ya maji ya mvua kutoa chumvi. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi yenyewe, hayatasafisha kitu. Usisuuze mara nyingi, struviti nayo huyeyuka kidogo.

12. Anika kivulini penye upepo, juu ya turubai safi, unene usiozidi nusu kidole. Hapa taratibu zilizoandikwa kwenye nchi zenye hewa kavu haziwezi kukusaidia, kwa sababu wao hawana unyevu wetu. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, siku tatu hadi tano zinatosha. Masika ikianza, ile ile itakaa wiki mbili na bado itashikamana ukiibana. Ndipo watu wanapokimbilia bati. Bati la Mombasa adhuhuri huunguza nyayo, na struviti ikipata joto la zaidi ya nyuzi 50 huanza kupoteza maji yake na amonia yake. Itakauka, ndiyo, lakini itakuwa vumbi lililopoteza sehemu ya nitrojeni yake. Msimu wa mvua ining'inize ndani kwenye mifuko midogo na feni ikipuliza, au simamisha kazi mpaka mvua zipungue.

UMEPATA STRUVITI KWELI?

Chukua punje chache kwenye kiganja uzisugue kwa kidole. Struviti inakwaruza kama mchanga mwembamba wa Nyali. Ikiteleza kama udongo wa mfinyanzi, una kalsiamu fosfati au tope. Kisha weka kijiko kimoja kwenye kisahani ukamulie ndimu. Struviti huyeyuka kimya kimya, maji yakabaki karibu maangavu. Ikitoa povu, ndani yake kuna kaboneti, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alitia chokaa au magadi. Kipimo cha mwisho ni kutia punje kwenye tone la kostiki soda: lazima harufu ya amonia ipande mara moja. Kama haipandi, joto limeshaila.

Kwa mfano wetu wa gramu 15 za fosforasi, kiwango cha juu kabisa ni karibu gramu 119. Ukipata 95 hadi 105 zilizokauka, umefanya kazi safi. Ukipata 160, ujue umepima chumvi, unyevu na tope pamoja nazo.

MATUMIZI

Mayai ya minyoo hubaki kwenye mashapo na ni magumu kufa, hasa penye unyevu. Kwa hiyo struviti ya pipa itie chini ya udongo, kwenye shimo la mnazi, mwembe au mahindi wakati wa kupanda, na uvae glavu. Usiitie kwenye mchicha, vitunguu vya majani, wala chochote kitakachokwenda kwenye kachumbari. Kwa uzito ina takriban asilimia 12.6 ya fosforasi na 5.7 ya nitrojeni, basi mmea wenye njaa ya nitrojeni utataka nyongeza ya samadi. Kuiuza kwenye mifuko ni jambo lingine: mbolea Kenya ina sheria yake, na KEBS, shirika la viwango, wana viwango vyao. Mpaka umepimiwa kwenye maabara, ni ya shamba lako na majaribio yako.

IKIKATAA

Hakuna kilichotulia kabisa. Pima pH upya, huenda imeshuka chini ya 8. Kama iko sawa, pima fosfati ya maji uliyoanza nayo. Mara nyingi maji yalikuwa mepesi na mtu hakupima.

Maji yamekuwa kama maziwa na hayatulii. Umepandisha pH haraka mno au umekoroga kwa nguvu, fuwele zimekuwa ndogo sana. Acha hadi kesho. Mara nyingine tia soda polepole na utumie mbegu ya fuwele za zamani.

Fuwele zimetoka za kahawia. Hatua ya 2 haikufanywa sawasawa. Bado ni struviti, lakini itie kwenye shimo la mti tu.

Juu ya fuwele zilizokauka kuna ukoko wa chumvi. Hujasuuza, au umetumia maji ya bahari badala ya maji machungu. Suuza kata moja ya maji ya mvua, anika tena.

Fosfati iliyobaki juu ni nyingi ingawa pH ni 9. Magnesiamu haitoshi. Pima maji machungu kwa haidromita. Jerikeni likikaa mvuani bila kifuniko hupungua makali bila wewe kujua.

Pipa limeota ukoko mweupe ndani. Usiukwangue wote. Ukoko huo ndio mbegu bora uliyonayo, na pipa lililoota hushusha fuwele haraka kuliko pipa jipya. Safisha koki peke yake, kwa kuiloweka usiku kwenye siki, isije ikaziba.